Makovu ya Beki wa Bujonde

Jumamosi Aliko Mwaijumba aliporudi Bujonde, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya lundo la kokoa, panga mkononi, ute umenijaa mpaka kwenye viwiko, kichwani nimefunga kanga iliyokwisha rangi. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Katika maandalizi yangu nilikuwa nimevaa gauni la bluu, nimesuka, natoka kanisani, na ningempita kama mtu anavyompita mgeni wa stendi. Hata maneno nilikuwa nayo tayari.

Badala yake nilisikia bodaboda ikizima injini mbele ya nyumba, kisha sauti ya baba ikapanda kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku nilipohitimu uuguzi.

"Kitasa! Kitasa wetu! Karibu, mwanangu, karibu nyumbani!"

Panga likanisimama hewani. Kitasa ndilo jina watangazaji wa mpira walilompa Aliko, kwa sababu akisimama pale katikati ya ulinzi hapapiti mtu.

Mama, aliyekuwa mkabala nami akichomoa mbegu kwenye maganda, hakuinua kichwa.

"Angalia usijikate," alisema.

"Mama, ulijua?"

"Baba yako ndiye aliyejua. Mimi nimeambiwa nipike wali na samaki mbasa, basi."

Sikupata nafasi ya kukimbilia ndani. Aliko alikuwa ameshazunguka kona ya nyumba, baba akimfuata nyuma kama mtu anayeonyesha ng'ombe mpya. Alikuwa amepanuka mabega. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa katikati na kovu, na pua yake, ile pua niliyoijua vizuri kuliko yangu, ilikuwa imepinda kidogo kuelekea kulia. Redio haikuwahi kuniambia kwamba pua yake imepinda. Kwenye vibanda vya Mbugani walikoonyesha mechi kwenye televisheni sikuwahi kukanyaga; sauti ya mtangazaji niliiweza, uso wa Aliko nisingeuweza.

"Mugonile, mama," alimsalimu mama, akainama kwa heshima mpaka magoti yakapinda. Goti la kulia lilipinda kwa shida. Niliona.

"Ndaga, mwanangu. Umekuwa mtu mzima," mama akajibu.

Kisha akanigeukia. Alinitazama, na mtu mzima yule akaondoka usoni pake, akabaki yule kijana wa miaka ishirini.

"Ugonile, Dainess."

"Karibu," nikasema. Nikalipiga tunda la kokoa panga moja, likapasuka vipande viwili.

* * *

Baba alileta viti vitatu chini ya paa la kukaushia, akakaa, akakohoa kama anavyokohoa akitaka kusema jambo kwenye mkutano wa kijiji.

"Dainess, acha kwanza kazi. Njoo usikie."

"Nasikia nikiwa hapa, tata."

"Haya. Aliko alinipigia wiki iliyopita. Ameacha mpira, amerudi nyumbani moja kwa moja. Akaniomba ruhusa aje kusema lile jambo la zamani. Unalijua. Nami nimempa ruhusa." Akatabasamu. "Tena nimempa zaidi ya ruhusa."

Mama aliacha kuchomoa mbegu.

"Umempa nini, tata?" nikauliza.

"Nimemwambia ndiyo."

Sijui panga lilianguka au nililitupa. Najua tu kwamba nilisimama, na kigoda kikapinduka nyuma yangu.

"Umemwambia ndiyo juu ya nini? Juu ya nani?"

"Mwanangu, si wewe mwenyewe uliyekuwa—"

"Nilikuwa! Nilikuwa na miaka kumi na nane, tata! Wakati ule nilipiga magoti kwenye sakafu ile pale nikakuomba, ukanipa kisogo. Leo nina thelathini na tatu, hujaniuliza hata kama nimelala salama, umeshamwambia mtu ndiyo!"

"Mzee," Aliko akasema kwa sauti ya chini, "nilidhani yeye amejua kwamba nakuja."

"Na wewe usiseme!" nikamgeukia. "Wewe ndiye usiseme kabisa."

Nikaondoka. Nilipita kwenye migomba, nikashika njia inayoteremka kwenda kwenye vichanja vyetu vya chini, karibu na mfereji, mahali tunapoanika kokoa iliyokwisha kuvundikwa. Harufu ya pale ni kali na tamu kwa pamoja, kama siki iliyotiwa asali. Mtu aliyekulia Bujonde akiisikia popote duniani atageuka.

Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha nyuma.

* * *

Wakati ule Aliko alikuwa anachezea timu ya vijana ya Mbugani, na mimi nilikuwa kidato cha nne. Kila Jumamosi alinifuata kwa baiskeli, akanipakia nyuma, tukapita barabara yote ile tambarare, mashamba ya mpunga huku na huku, mpaka uwanjani. Alicheza pekupeku kwa kuwa njumu zilikuwa jozi saba kwa wachezaji kumi na mmoja, na mabeki ndio waliokosa.

"Kwa nini usicheze mbele, ufunge magoli?" nilimuuliza siku moja. "Wanaofunga ndio wanaobebwa juu."

"Mimi napenda nyuma. Ukiwa nyuma unaona uwanja wote. Unaona na wewe ulipokaa."

Basi nilikuwa nakaa mahali pale pale kila wiki, karibu na kibendera cha kona, ili anione.

Safari moja kwaya yetu ilikwenda Matema kwa lori. Wenzetu walikuwa wanaimba mchangani, mimi na Aliko tukatembea ufukweni mpaka sauti zao zikawa ndogo. Milima ya Livingstone ilikuwa imesimama ng'ambo kama imemwagiwa maji sasa hivi. Aliko aliingia ziwani mpaka magotini, suruali ameikunja, akasema bila kunitazama:

"Nimeitwa majaribio. Timu ya ligi kuu."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Lakini kwanza namtuma baba mdogo Hezroni kwa baba yako. Siondoki kabla hajajua nia yangu."

Walikuja kweli, yeye na baba yake mdogo, wamevaa mashati ya mikono mirefu kwenye joto la Machi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno ambayo bado nayasikia:

"Kijana ana heshima, sikatai. Lakini kazi yake ni miguu. Miguu inavunjika. Siku ikivunjika, mwanangu atakaa na nani? Rudini mkitafuta kazi nyingine."

Aliko aliondoka siku ya tatu. Nilimsindikiza stendi. Hakulia, mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Na kwa miaka mitatu alinipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, hakukosa hata mara moja. Alinieleza kila mechi, kila mshambuliaji, nani ana mbio, nani anavuta jezi. Baba alikaa barazani akijifanya hasikii. Halafu, Oktoba ya mwaka wa tatu, mtangazaji alisema Mwaijumba ameumia, anatolewa nje kwa machela. Jumapili ile simu haikuita. Iliyofuata haikuita. Nilipopiga mimi, namba haikupatikana. Nilikwenda kwa baba mdogo Hezroni, akaniangalia miguuni, akasema, "Mzima yule. Yuko Dar. Ana mambo mengi."

Mwaka mmoja na nusu baadaye jina lake likarudi redioni, anachezea timu ya Shinyanga. Kumbe anatembea, anakimbia, anacheza. Basi nikaelewa kwamba aliyeachwa ni mimi, si mpira.

* * *

Nilimsikia akija kwenye njia ya mfereji kabla sijamwona. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Mtu wa kawaida angesikia mtu anatembea. Muuguzi wa miaka kumi anasikia goti.

"Rudi juu, Aliko. Huku kunateleza."

"Nimeshafika."

"Umefika kwa mguu mmoja. Nani alikuruhusu upande bodaboda kwa goti hilo?"

"Hakuna aliyeniruhusu."

"Kaa."

"Dainess, nimekuja kuomba—"

"Nimesema kaa. Pale kwenye gogo. Kunja suruali."

Akakaa, akakunja suruali mpaka juu ya goti. Nilinawa mikono kwenye mfereji, nikafuta kwenye kanga, nikapiga goti mbele yake. Nilijiambia namshika kama ninavyomshika mgonjwa yeyote wa pale kituo cha afya cha Ngana. Lakini vidole havidanganyiki. Mara ya mwisho kuushika mguu ule nilikuwa namtoa mwiba uwanjani, na yeye alikuwa anacheka.

"Limevimba. Hapa panauma?"

"Kidogo."

"Hapa?"

Alivuta pumzi. "Hapo ndipo penyewe."

Nikaanza kuyasoma makovu. Kulikuwa na vidoa vitatu vidogo, bado vina rangi ya waridi.

"Haya ya lini?"

"Mwaka jana, Aprili. Jeraha hilo ndilo lililonimaliza. Daktari aliniambia nikicheza tena nitatembelea gongo."

"Na hili la kwenye nyusi?"

"Zambia. Kiwiko cha mshambuliaji. Nilishonwa nyuzi sita nikarudi uwanjani, nikamzuia mpaka mwisho."

"Na pua?"

"Pua nilijigonga na kipa wetu mwenyewe." Akatabasamu kidogo. "Hiyo hata redio hawakuitangaza."

Nilitaka kutabasamu, nikajizuia. Kidole changu kilikuwa kimefika kwenye kovu jingine, refu, limepita katikati ya goti kutoka juu hadi chini, limefifia mpaka linakaribia rangi ya ngozi. Kovu la zamani. Kovu la mkato mkubwa, wa goti lililofunguliwa lote.

"Na hili?"

Akageuza uso kwenye mfereji.

"Aliko. Hili la lini?"

"Oktoba," akasema. "Ile Oktoba."

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita. Nilibaki nimeshika goti lake, sikuweza kuondoa mkono wala kuusogeza. Nimehudumia watu waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Najua wanavyolala. Najua wanavyolia wakianza kukunja mguu, watu wazima, baba wa watoto.

"Ulikaa muda gani?"

"Miezi kumi na minane. Timu haikuniongezea mkataba. Mwenzangu mmoja alinipa godoro kwake Kigamboni. Nilipoweza kusimama nikaanza kuuza maji ya chupa, pale pale kwenye geti la uwanja. Mashabiki walinunua maji kwangu, wakaingia uwanjani wakimtukana Mwaijumba aliyewaangusha. Wengi hawakunitambua."

"Na mimi je?" nikauliza. "Mimi nilikuwa wapi katika miezi hiyo kumi na minane?"

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa nafanya nini?"

"Unasubiri simu."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua, Dainess. Sitakudanganya kwamba simu iliibiwa, au kwamba sikuwa na vocha. Nilijua kila Jumapili. Saa nne ikifika nilikuwa naiweka simu chini ya godoro na kutoka nje. Mwisho nikaitupa laini kabisa, na baba mdogo nikamwomba aseme mimi ni mzima."

Nikasimama. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa kichanja.

"Kwa nini?"

Aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono.

"Nilipoanguka siku ile nilisikia goti likilia, kama kijiti. Nikalala kwenye majani. Machela ilikuwa bado haijafika. Watu elfu ishirini wanapiga kelele, na mimi nilikuwa namwona baba yako tu, amekaa kwenye kiti chake barazani, anasema miguu inavunjika. Nikajua alikuwa amesema kweli. Ningekupigia niseme nini? Kwamba mzee alishinda? Nilisema nitapona kwanza. Nikipona, nikirudi ligi kuu, nikiwa mtu, ndipo nitakupigia. Nikapona, nikawa daraja la kwanza, chini ya ligi kuu. Nikasema nikipanda. Nikapanda, miaka mitatu ilikuwa imepita, nikasikia umechumbiwa na bwana kilimo. Nikasema basi."

"Wilbroad," nikasema. "Anaitwa Wilbroad."

"Sikumjua jina."

"Mtu wa Karagwe. Mpole, mchapakazi, hanywi. Alinipenda. Na unajua kilichotuachanisha? Nusu fainali ile uliyojifunga goli."

Aliinua uso.

"Dakika ya themanini na nane," nikaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanatoka nami sikuyafuta. "Mpira ulipigwa krosi, ukataka kuutoa kwa kichwa, ukaingia kwenu. Mtangazaji alikutukana karibu wazi. Baba alitoka nje akakaa kwenye migomba mpaka mvua ikamnyeshea. Mimi nilikuwa na Wilbroad sebuleni. Akaninyang'anya redio, akaizima, akasema, 'Mpira ni mpira tu, Dainess, mbona unalia kama umefiwa?' Nikamwangalia, nikaona sina jibu la kumpa ambalo halitamwumiza. Akahamishiwa Tabora mwezi ule. Sikumfuata. Nilimrudishia kila kitu chake na heshima yake."

"Siku ile nilitaka kukupigia," Aliko akasema. "Walinifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu mashabiki walikuwa nje na mawe. Nilikaa sakafuni na jezi yangu. Nilitaka kusikia mtu mmoja tu aniite Aliko."

"Ningepokea."

"Hata na mchumba?"

"Ningepokea, mpumbavu wewe! Ningepokea na mwaka ule wa Kigamboni! Ningeuza maji na wewe pale getini! Nani alikuambia nilimpenda beki wa ligi kuu? Ulipoondoka hapa hukuwa hata na njumu!"

Alikuwa ameziba macho kwa kiganja, na mabega yale mapana yalikuwa yanatikisika. Miaka kumi na mitano ya mpira, amegongwa, ameshonwa, amezomewa na viwanja vizima, na hakuna aliyewahi kumwona akilia. Mimi nilimwona, kando ya mfereji wa Bujonde, saa tano ya asubuhi, na sikwenda kumshika. Nilitaka sana kwenda. Lakini nilikuwa nimelia peke yangu miaka mingi mno kuweza kumkumbatia kwa mara moja.

"Uliona bora mimi nikuone mwongo," nikasema, "kuliko baba yangu akuone mlemavu."

"Ndiyo," akasema ndani ya kiganja chake. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya."

Upepo ulipita ukitokea ziwani, majani ya migomba yakagongana. Hatimaye alijifuta uso kwa shati, akashusha suruali, akasimama kwa taabu.

"Baba yako nilimwomba ruhusa ya kuzungumza na wewe tu. Hilo la ndiyo alilitoa yeye mwenyewe kabla sijamaliza kumsalimu. Lakini nilipolisikia nilifurahi, na sikumsahihisha. Hapo nimekosa tena." Alinyoosha mgongo, kama nilivyozoea kumwona akisimama kabla ya kona kupigwa. "Sasa nakuuliza wewe. Sina timu, sina mshahara, nina nyumba moja ambayo haijaisha pale Mbugani karibu na dada yangu Nancy, na mguu mmoja mzima. Unaweza kunipokea?"

Moyo wangu ulijibu hapo hapo. Niliusikia. Lakini moyo wangu uliwahi kujibu haraka nikiwa na miaka kumi na nane, na nilijua ulikonifikisha.

"Sitakujibu leo," nikasema. "Jumatatu njoo kituoni Ngana. Uje kama wagonjwa wengine, ukae foleni. Goti hilo linahitaji mazoezi wiki sita, na nitayasimamia mimi. Katika wiki hizo sita utanieleza mwaka mmoja mmoja, kuanzia ile Oktoba. Usiruke hata mwezi. Nikikukuta umeruka, tumemalizana."

"Na wiki sita zikiisha?"

"Zikiisha utaniuliza tena. Mimi, si baba."

* * *

Tuliporudi juu, baba alikuwa bado amekaa kwenye kiti kile kile, mikono katikati ya magoti. Mama alikuwa amesimama mbele yake na mwiko. Ilionekana baba alikuwa ameambiwa mengi.

"Sema sasa," mama akamwambia.

Baba aliondoa kofia. Sikumbuki mara nyingine aliyowahi kuniondolea kofia.

"Dainess, mama," akasema, "mwaka ule nilisema hapana, sikukuuliza. Leo nimesema ndiyo, sikukuuliza. Nimekosea mara mbili kosa moja." Akamgeukia Aliko. "Na wewe, lile neno la miguu. Kila ulipoanguka uwanjani nililisikia likitoka kwenye redio kwa sauti yangu mwenyewe. Nimekuwa nikiomba Mungu usivunjike, si kwa ajili ya timu. Nisamehe."

Aliko alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, ulikuwa unamlinda mwanao. Mimi ndiye niliyeshindwa kumlinda."

"Basi, basi, wali unapoa," mama akasema, akageuka haraka ili tusione macho yake.

Tukala. Mama alimwekea Aliko kichwa cha mbasa, kama anavyowekewa mgeni wa heshima, na baba hakuweza kujizuia: kabla chakula hakijaisha alikuwa ameshauliza kuhusu penalti moja ya mwaka juzi, kama kweli mkono uligusa.

"Uligusa, mzee," Aliko akakiri.

"Nilijua!" baba akapiga goti lake. "Nilimwambia mama yenu, huyu kijana amegusa!"

Nilicheka. Sikupanga, kicheko kilinitoka tu, na Aliko akanitazama ng'ambo ya sinia kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao akiwa ugenini.

* * *

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mvua ya Kyela haina haya, ikianza imeanza. Njia ya Ngana iligeuka tope, nami njiani nilishajiambia hatakuja. Nilijiandaa kutoumia. Ni kazi ninayoijua.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Nilipofika barazani, mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama na vichanga vyao, wanapiga soga, wananyonyesha, wanakung'uta miavuli. Na katikati ya benchi la pili, amebanwa huku na huku, alikaa mwanaume mmoja tu, shati limelowa mgongo mzima, goti la kulia amelinyoosha mbele. Mama mmoja alikuwa amempakatisha mtoto wake ili apate kufunga kanga vizuri. Aliko alikuwa amemshika mtoto yule kwa viganja viwili, hapumui, kama kipa aliyedaka mpira wa mwisho wa mechi.

"Saa ngapi umefika?" nikamuuliza.

"Saa kumi na mbili. Sikutaka kukosa foleni."

Akina mama wakaangaliana. Nikaingia ndani kabla uso wangu haujanisaliti.

Zamu yake ilipofika alikaa mbele ya meza yangu, mikono juu ya mapaja, mtiifu. Nikachukua kadi mpya, nikafungua kalamu. Nilitaka kila kitu kiwe cha kikazi.

"Jina kamili?"

"Dainess, si unalijua?"

"Jina kamili."

"Aliko Mwaijumba."

"Umri?"

"Thelathini na tano."

"Unaishi?"

"Mbugani."

"Kazi?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alitaka kusema mchezaji, neno alilolisema miaka yote hiyo kwenye kila hospitali, kila uwanja wa ndege, kila hoteli. Aliangalia dirishani, mvua inavyoshuka. Sikumharakisha.

"Andika mkulima," akasema. "Baba yako ameniambia atanifundisha kupasua kokoa."

Nikaandika mkulima.

"Mtu wa karibu? Wa kupigiwa simu kukiwa na tatizo?"

Nje mtoto alilia, akanyamazishwa. Nilibaki nimeinamia kadi, kalamu imegusa karatasi, na wino ukaanza kufanya doa dogo.

"Sijui kama naruhusiwa kumtaja," akasema.

"Taja. Nitaona kama anakubalika."

Hakutoa simu mfukoni. Hakufumba macho kukumbuka. Alinitajia tarakimu kumi, moja baada ya nyingine, bila kukwama, kama mtoto anavyotaja jina lake. Ilikuwa namba yangu. Ile ile ya kidato cha nne, ambayo hakuwahi kuipiga kwa miaka kumi na miwili, na ambayo mimi, kwa sababu nilizowaambia watu kuwa ni za uvivu tu, sikuwahi kuibadilisha.

Nikaandika tarakimu zote kumi. Kwenye nafasi ya jina nikaandika Dainess Isaya. Kisha likabaki swali la mwisho la kadi, la uhusiano na mgonjwa, na pale nikaweka kalamu chini, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hiyo tutaijaza wiki ya sita," nikamwambia. "Sasa kunja suruali. Tuanze na Oktoba."